Kuwakumbuka wanafunzi uliowaacha Japani: uwaandikie nani, lini na vipi

SWALI: Nilifundisha Kiingereza Japani kuanzia Aprili 2019 hadi Machi 2022, nikiwa mwalimu msaidizi niliyepelekwa na kampuni katika sekondari ya chini moja na shule mbili za msingi za mji mdogo. Sasa niko nyumbani Mombasa, nina kazi nzuri, lakini kila Machi ikikaribia usingizi unanipaa. Waliokuwa kidato cha kwanza nilipofika walihitimu wiki ileile niliyoondoka, na sikupata kuwaaga sawasawa. Nina kadi kubwa waliyoniandikia darasa zima, siwezi hata kuifungua. Wawili wamenitafuta kwenye Instagram: mmoja wa wale waliohitimu, mwingine alikuwa darasa la tano nilipoondoka. Niwajibu? Wengine nitawapataje? Na hali hii itakwisha?

JIBU: Mwalimu, kabla hujamjibu yeyote, chukua karatasi upige hesabu ya umri wao. Sehemu kubwa ya jibu lako imo humo.

Mwaka wa shule Japani huanza tarehe 1 Aprili na kwisha 31 Machi. Watoto wa darasa moja ni wale waliozaliwa kati ya tarehe 2 Aprili ya mwaka mmoja na 1 Aprili ya mwaka unaofuata. Kwa hiyo waliokuwa kidato cha kwanza Aprili 2019 walizaliwa kati ya 2 Aprili 2006 na 1 Aprili 2007. Walimaliza sekondari ya chini Machi 2022, na walioendelea bila kukatiza wakamaliza ya juu Machi 2025. Umri wa utu uzima kisheria ulishushwa kutoka miaka 20 hadi 18 tarehe 1 Aprili 2022, siku chache tu baada ya wewe kuondoka, hivyo kundi hilo lote lilishakuwa la watu wazima kufikia 1 Aprili 2025. Yule wa darasa la tano ni mambo mengine kabisa. Alizaliwa kati ya Aprili 2010 na Aprili 2011, sekondari ya chini anaimaliza Machi 2026, ya juu Machi 2029, na miaka 18 hataifikisha kabla ya Aprili 2028.

Basi huyo aliyehitimu mjibu. Ni mtu mzima aliyekutafuta kwa hiari yake. Mwandikie maneno machache kwa Kijapani chepesi, umwambie umefurahi, umwulize anasoma au anafanya kazi gani, uishie hapo. Linaloharibu mambo hapa ni uzito wa ujumbe. Kijana wa miaka 19 akipokea aya tano za Kiingereza zinazosema jinsi unavyoumia, atajiona anadaiwa jibu la kiwango hicho, kwa lugha inayompa shida, na mara nyingi atanyamaza kwa aibu. Wewe utadhani amekusahau, kumbe amelemewa. Ujumbe usiodai jibu ndio unaojibiwa.

Huyo mdogo usimwongeze kwenye akaunti yako, hata kama nia yako ni safi kabisa. Tangu Aprili 2022 Japani ina sheria mahsusi ya kuzuia walimu na watumishi wa shule kuwadhulumu wanafunzi kingono, na bodi nyingi za elimu zimekataza mawasiliano ya faragha ya mitandao kati ya mwalimu na mwanafunzi. Wewe si mtumishi wao tena, lakini mzazi atakayeona jina la mwalimu wa zamani kwenye simu ya mwanawe atalitazama kwa jicho hilohilo, na anayeweza kuingia matatani ni mtoto. Usimwache kimya pia, maana mtoto huuchukulia ukimya kuwa kosa lake. Mjibu mara moja tu, kwa sentensi mbili: kwamba umefurahi sana kumsikia, na kwamba utawaandikia wote barua kupitia shule. Kisha uitimize ahadi hiyo.

Kupitia shule maana yake ni kupitia kwa mtu mmoja, kyoto-sensei, yaani naibu mwalimu mkuu. Barua, simu na wageni wa shule ya Kijapani hupitia mezani kwake. Barua ukiielekeza kwa mwalimu wa Kiingereza uliyefundisha naye, huenda isimfikie mtu. Walimu wa shule za umma huajiriwa na mkoa na huhamishwa kila baada ya miaka michache, mabadiliko yote yakianza tarehe 1 Aprili. Kwa miaka iliyopita tangu uondoke, inawezekana chumba cha walimu hakina hata sura tatu unazozijua. Ukitaka kujua mwalimu fulani amehamia wapi, magazeti ya mikoa huchapisha orodha za uhamisho wa walimu mwishoni mwa Machi. Tafuta jina lake kwa kanji, yaani herufi za asili ya Kichina zinazotumiwa kuandika Kijapani, pamoja na jina la mkoa, kisha mwandikie kwenye shule yake mpya. Hiyo ni njia halali na ya wazi. Anwani za wanafunzi usizitafute wala usimwombe mtu. Tangu sheria ya kulinda taarifa za watu binafsi ianze kutumika kikamilifu mwaka 2005, shule hazizitoi, na kuziomba kutakufungia mlango uliokuwa wazi.

Kwanza hakikisha shule ipo. Mamia ya shule hufungwa au kuunganishwa Japani kila mwaka kwa kukosa watoto, na za miji midogo ndizo zinazotangulia. Kama yako imefungwa, iandikie bodi ya elimu ya mji. Kampuni iliyokupeleka usiitegemee sana: miji mingi huitoa kazi hii kwa zabuni, na huenda mkataba ulishakwenda kwa wengine. Lakini mkataba wako wa zamani usome tena. Mikataba ya aina hii mara nyingi ina kifungu cha kutunza siri za wanafunzi ambacho kinaendelea kukufunga hata baada ya kazi kwisha.

Muda wa kuandika una uzito wake. Mwisho wa Machi na Aprili yote, shule imepinduka chini juu. Kuanzia takriban tarehe 20 Julai hadi mwisho wa Agosti ni likizo. Lenga barua ifike kati ya katikati ya Mei na Juni, au Oktoba na Novemba. Watu wengi wanapenda kutuma kadi ya mwaka mpya, nengajo, lakini kwa aliyeko Mombasa ni bahati nasibu. Kadi hiyo inatakiwa ifike tarehe 1 Januari au siku chache baadaye, na posta ya nje haikuahidi siku. Isitoshe, familia iliyofiwa mwaka huo haipelekewi pongezi za mwaka mpya, na wewe huna njia ya kujua nani kafiwa. Afadhali kanchu-mimai, salamu za msimu wa baridi. Hizo hutumwa kuanzia takriban tarehe 8 Januari hadi kabla ya 4 Februari, na anayeomboleza anaweza kupelekewa bila kosa. Kadi tupu yenye picha ya bandari ya Mombasa inatosha, na kuna jambo la kupendeza katika kupokea jua la Januari la huku wakati kwao theluji iko madirishani. Usisome mengi katika ukimya utakaofuata. Kadi ya posta ilipanda kutoka yeni 63 hadi 85 Oktoba 2024, na desturi hiyo ilikuwa imeshaanza kufifia zamani. Walimu na familia nyingi wameiacha kabisa, hata kwa ndugu zao.

Kwenye bahasha chapisha anwani kwa Kijapani kwa mashine, ikianza na namba ya posta ya tarakimu saba, na chini kabisa andika JAPAN kwa herufi kubwa za Kirumi ili posta ya Kenya ijue pa kuielekeza. Kwa naibu mwalimu mkuu andika barua yake ya ukurasa mmoja, ukianza na Gobusata shite orimasu, maneno ya kuomba radhi kwa kukaa kimya muda mrefu. Mweleze ulifundisha lini, madarasa gani, na kwamba umeambatisha barua ya wanafunzi ambayo anaweza kuisoma kwanza na kuitumia au kutoitumia kadiri atakavyoona inafaa. Ruhusa hiyo ya kukataa ndiyo inayomwezesha kukubali. Bahasha ya wanafunzi usiigundishe.

Barua ya wanafunzi iwe fupi. Mtaala wa sekondari ya chini ulioanza 2021 unalenga maneno mapya kati ya 1,600 na 1,800 kwa miaka mitatu, juu ya yale 600 hadi 700 ya shule ya msingi, na lengo la kitabuni si kile mtoto anachokishika kichwani. Maneno themanini ya Kiingereza yanatosha kabisa. Andika kwa herufi zilizoachana, maana mwandiko wa kuunganisha wengi wao hawajafundishwa kuusoma. Majina ya watu usiyaandike kwa wino mwekundu. Wengi huona ni nuksi. Taja jambo moja mlilolifanya pamoja ambalo wao tu wanalijua. Orodha ya “nawakumbuka nyote” haimgusi mtu. Sentensi moja kuhusu siku dirisha la darasa lilipovunjika wakati wa mchezo wa maneno itasomwa na kupigiwa kelele.

Zawadi acha. Vyakula vya wanafunzi shule hazipokei kwa sababu ya mzio, na nyama kavu ya aina yoyote itanaswa na karantini. Zawadi ya kumtumia mtoto mmoja nyumbani kwao ni mzigo zaidi. Desturi ya okaeshi inaitaka familia irudishe zawadi, mara nyingi ya thamani karibu na nusu ya ile waliyopokea, na mama wa watu atajikuta anatafuta kifurushi cha kutuma Afrika Mashariki kwa gharama kubwa kuliko kilichomo. Chumba cha walimu ukikipelekea majani ya chai ya Kericho, hilo halina tabu.

Sasa turudi kwenye kidonda chenyewe, ile hali ya kutowaaga. Tazama miaka uliyofundisha. Ulipata miezi kumi na moja ya kawaida. Tarehe 27 Februari 2020 Waziri Mkuu wa wakati huo, Shinzo Abe, aliomba shule zote nchini zifungwe kuanzia 2 Machi kwa sababu ya korona, na nyingi hazikufunguka sawasawa hadi Juni. Zilipofunguka, watoto walivaa barakoa mchana kutwa na kula chakula cha mchana kimyakimya, wote wakitazama mbele, walimu wakiwakataza kuzungumza. Mwalimu msaidizi wa Kiingereza huwafahamu watoto wakati wa chakula, wakati wa kufagia shule pamoja, na kwenye vilabu vya jioni. Darasani huwa nao dakika hamsini tu, tena mara chache kwa wiki. Wewe ulinyang'anywa sehemu zile hasa ambamo mazoea hujengeka, na watoto ulioanza nao ukawaona nusu uso hadi mwisho. Hapo ndipo inapotoka ile hisia ya kitu kilichoachwa katikati, na si udhaifu wako.

Kuna na la pili. Shule za Kijapani huwaaga walimu kwa sherehe maalumu, rinin-shiki, mwishoni mwa Machi au Aprili. Anayeondoka hupanda jukwaani, hutoa hotuba, hupewa maua, na waliohitimu hurudi kumsikiliza. Mwalimu msaidizi wa kampuni mara nyingi hukosa, kwa kuwa si mtumishi wa mkoa na ratiba yake huisha vipindi vinapoisha. Wenzako waliagwa, wewe ulikabidhi kabati na funguo. Dawa yake ni kuitoa hotuba hiyo sasa. Andika hotuba ya dakika mbili ambayo ungeitoa, kwa Kijapani na Kiingereza, ndiyo iwe ile barua ya shule. Waliohitimu hawako pale, ni kweli. Wao wana siku yao inayokuja.

Siku hiyo ni sherehe ya vijana waliofika miaka 20. Ijapokuwa utu uzima sasa ni miaka 18, miji mingi imebaki na 20 kwa sherehe hii, na mingi imeibadilisha jina ikawa Hatachi no tsudoi. Siku rasmi ni Jumatatu ya pili ya Januari, ambayo kwa kundi lako inaangukia 11 Januari 2027. Miji mingi hufanya Jumapili ya kabla yake, na baadhi ya miji, hasa ya theluji, hufanya Agosti au mapema Mei ili vijana walioko mijini waweze kurudi. Angalia ukurasa wa mji wako usikisie. Watoto waliosambaa Tokyo na Osaka hurudi nyumbani kwa siku hiyo, na jioni yake mara nyingi wanadarasa hukutana kwa chakula, mahali ambapo video za walimu wa zamani huonyeshwa ukutani. Video yako ni ya kawaida kabisa katika desturi hiyo. Hakuna atakayeshangaa kwa nini umejitokeza.

Mtafute aliyekuwa mwalimu wao wa darasa kidato cha tatu, kwa njia ile ya orodha za uhamisho, miezi mitano au sita kabla. Mwulize kama vijana wana mipango na kama video itafaa. Mwenyewe hatakupa namba zao, atawapelekea habari na wao watakutafuta. Au mwulize yule wa Instagram, ambaye pengine anajua nani anaandaa. Irekodi kwa simu iliyolazwa ubavu, sekunde 40 usizidishe, uso uangalie mwanga wa dirisha, na feni izimwe maana kwenye kipaza sauti cha simu huunguruma kama jenereta. Sema jina lako kwanza kwa Kijapani, wapongeze, taja lile jambo moja la darasa, malizia kwa Kiingereza cha polepole. Na uso uwe wazi: tangu kidato cha kwanza wengi wao hawajakuona ukitabasamu uso mzima. Ipeleke kufikia katikati ya Novemba, Desemba kila mtu ana shughuli.

Kuhusu kama hali itakwisha, fanya jaribio hili. Andika majina matatu, na kando ya kila jina jambo moja ambalo ungependa kumwambia au kumwuliza huyo hasa. Yakija kwa urahisi, unawakosa watu, na yote yaliyotangulia yatakusaidia. Usipopata cha kuandika mbele ya majina, huenda unachokosa ni kazi yenyewe: kuitwa sensei, yaani mwalimu, mtaani, kupungiwa mkono na baiskeli kumi njiani, kujua kwamba asubuhi kuna chumba kinakusubiri. Hilo barua haitalitibu, wala halina aibu. Linatibiwa kwa kufundisha. Jambo linalowezekana kabisa ni kuunganisha darasa la Mombasa na la Japani kwa video. Tofauti ni saa sita na Japani haibadilishi saa majira ya joto, hivyo kipindi chao cha saa saba na nusu mchana ni saa moja na nusu asubuhi kwenu. Kila mtoto wa shule ya msingi na sekondari ya chini ya umma kule ana kompyuta yake au tableti kutokana na mpango wa serikali ulioanza 2019, kwa hiyo vifaa upande wao si tatizo. Tatizo huwa ni idhini, na idhini inatoka kwa yuleyule naibu mwalimu mkuu utakayekuwa umeshamwandikia. Ukikosa usingizi usiku mwingi mfululizo, au kazi ikaanza kuharibika, nenda kwa mshauri nasaha bila kusubiri Machi ipite.

Ile kadi ifungue mwezi huu, na si kwa ajili ya moyo tu. Shikishi, kadi ya maandishi ya darasa, ni karatasi nene iliyogundishwa ya takriban sentimita 24 kwa 27, na rangi za kalamu za watoto hufifia kwa mwanga na kulowa kwa hewa ya pwani. Mombasa, kadi iliyofungiwa kwenye mfuko wa plastiki kabatini hupata ukungu haraka kuliko iliyoachwa wazi, kwa sababu unyevu unanaswa humo. Ipige picha kando ya dirisha lisilopigwa na jua moja kwa moja, simu iwe sambamba na kadi, mara moja nzima na mara nne kwa vipande ili kila mwandiko usomeke. Usiilaminishe: ni nene mno kwa mashine, na joto litaunguza gundi. Ihifadhi kwenye bahasha ya karatasi nyeupe ndani ya boksi, pamoja na vifuko vya silika vile vya ndani ya viatu vipya, mbali na ukuta wa nje. Ukiona vidoa vyeupe vya unga, itoe barazani kivulini siku kavu, uviache vikauke, kisha uvifute taratibu kwa brashi laini; kitambaa chenye maji kitaondoka na majina.

Ukiwa na picha hizo mbele yako, tengeneza daftari: jina kwa kanji, matamshi yake, darasa na mwaka. Kanji moja ya jina huweza kusomwa kwa namna tatu au nne, na matamshi ndiyo ya kwanza kukupotea. Yale usiyoyakumbuka, aliyekuandikia kwenye Instagram atayajua karibu yote, na hilo ni swali zuri la kumwuliza katika ujumbe wako wa pili.